Kitu Kisichosogea

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili usije ukanisubiri nijifanye malaika huko mbele. Namwonea wivu mdogo wangu, wa tumbo moja, na kila nikimwona amevaa lile ovaroli la mashindano likamkaa utadhani alizaliwa nalo, roho inanisokota kama nimemeza ndimu nzima. Watu wakiniambia hawajawahi kumwonea wivu ndugu yao, huwa nawatazama tu.

Sisi ni madereva wa magari ya mbio. Siyo yale ya kwenye televisheni, hapana. Yetu ni magari madogo ya kawaida, yametolewa viti vya nyuma na kutiwa mabomba ya chuma ndani ili gari likipinduka dereva asifinywe, na yanazunguka kwenye uwanja wenye lami ya viraka. Gari ni moja, madereva wawili. Mimi naendesha nusu ya kwanza ya mbio, naingia bandani, naruka nje, mdogo wangu anaingia na kumalizia. Mwenye gari ana duka la matairi mjini, ndiyo maana kila mtu anamwita Mama Matairi. Fundi wetu ni Mjomba, kaka yake mama, ambaye tangu nimjue sijawahi kuona kucha zake zikiwa safi.

Mdogo wangu tunamwita Foleni. Jina hilo nilimpa mimi mwenyewe. Alipoanza kuendesha alikuwa anaiogopa kila kona, magari yote yakawa yanajipanga nyuma yake kama watu wanaosubiri maji bombani. Nikasema, "Tazameni foleni ile!" Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu, jina likaganda. Sasa miaka imepita na magari bado yanajipanga nyuma yake, ila siku hizi ni kwa sababu hayawezi kumpita. Jina la dharau limegeuka sifa. Hebu niambie, hilo nalo nilivumilie vipi?

Mimi wananiita Kiberiti. Nadhani huhitaji maelezo.

Na tusidanganyane, mwenye kasi ni mimi. Hata Mjomba hakatai. Mzunguko wa haraka kuliko yote wa msimu huu, wa uwanja mzima, wa madereva wote, ni wangu. Nikipania, gari lile linalia na mimi nalia nalo, tunapita kona hata waamuzi wa pembeni wanashika vichwa. Tatizo, wanasema, ni mzunguko unaofuata. Na ule unaofuata huo. Mmoja umeme, mwingine takataka, wa tatu nimemkasirikia mtu aliyenikata mbele, namfukuza mpaka nasahau kwamba kuna mashindano. Foleni yeye hana umeme. Mizunguko yake inafanana kama mayai ya kuku mmoja. Unamtazama mpaka unasinzia, halafu unashtuka yuko wa tatu, wa pili, na aliyekuwa anaongoza matairi yamemwishia.

Kuna kitu anachofanya kabla ya mbio, na hicho ndicho kilichoanza kunitafuna. Anakaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, kwenye kona ya banda, anafumba macho. Mkono wa kulia ameshika ile saa ya kubonyeza ya kupimia mizunguko. Anabonyeza. Kisha anaendesha kichwani. Unamwona kabisa: mguu unagandamiza sakafu, mguu unaachia, bega linainama kidogo kushoto, kidole cha gumba kinacheza. Mafundi wanapita na majeki, spana zinaanguka, mtu anapiga kelele nani kachukua bisibisi yangu, yeye yupo uwanjani peke yake. Akimaliza mzunguko anabonyeza tena, anafumbua macho na kumpa Mjomba saa. Mjomba anatazama, anacheka kwa mapua, anampa yeyote aliye karibu aone. Ni muda uleule. Muda anaoupata kwenye lami ndio anaoupata juu ya ndoo, tofauti yake ukipepesa macho imekupita.

"Huyu mtoto," Mjomba anasema, "ana uwanja mzima ndani ya fuvu."

Na mimi fuvu langu lina nini, ugoro?

Siku moja nilijaribu. Mama alikuwa sokoni, Foleni kazini, nikajifungia chumbani kwetu, chumba ambacho tumelala pamoja tangu utoto, kitanda changu dirishani na chake mlangoni. Nikakaa kwenye kitanda, nikafumba macho, nikabonyeza. Kuondoka nimeondoka vizuri. Kona ya kwanza safi. Kona ya pili nikamwona Foleni amekaa juu ya ndoo yake pembeni ya barabara, katulia tuli, nikaanza kumwambia maneno yangu. Nikamwambia unajifanya mtawa. Akanijibu. Mimi nami nikamrudishia, na tukaendelea hivyo, nikakumbuka gauni langu alilochoma na pasi, nikakumbuka mama alivyosema ni ajali. Nilipokuja kubonyeza saa, kwa muda ule dereva wa trekta angeshafika nyumbani na kuoga. Nikaitupa saa juu ya mto.

Nikajaribu tena, nikalala usingizi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kabla ya mbio za mwisho za msimu, Mama Matairi alituita dukani kwake. Tulikaa juu ya matairi ya lori, mimi na Foleni na Mjomba, harufu ya mpira imejaa puani. Mama Matairi hana maneno mengi. Alisema mwakani tunapanda daraja, tunakwenda kwenye mbio ambazo kila gari lina dereva mmoja tu, mwanzo hadi mwisho.

"Kiti ni kimoja," alisema. "Nitaangalia Jumapili, halafu nitaamua. Na asije mtu kunililia."

Nikacheka, nikasema, "Mama, kasi yangu unaijua."

"Naijua," akasema. "Lakini mimi nauza matairi, mwanangu. Siuzi fataki."

Foleni hakucheka. Angalau angecheka ningepata sababu ya kumgombeza. Aliinamisha kichwa tu, akawa anapitisha kidole kwenye mistari ya tairi alilokalia, mmoja baada ya mwingine. Nikajua tayari ameanza kuendesha. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumsemesha. Tulipofika nikasimama getini, nikagoma kuingia ndani. Mama akachungulia dirishani, akamwambia Foleni, "Mwache dada yako. Huyo akinuna ni nguzo ya umeme, hata mvua ije haondoki." Ni kweli, tangu mdogo ndivyo nilivyo. Nikinuna sibanduki.

Kuna jambo moja la kazi yetu lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Pale uwanjani, baada ya mstari wa kuanzia, kuna sehemu ndefu iliyonyooka halafu kona ya kwanza, kali kweli. Unakuja na kasi yote ya gari, kisha lazima ufunge breki mahali pamoja, palepale, kila mzunguko. Ukifunga mapema, unapitwa. Ukichelewa, unakwenda kuzisalimia zile kuta za matairi mabovu. Zamani kulikuwa na vibao vya kuonyesha umbali, lakini viligongwa vyote vikaisha na hakuna aliyevirudisha. Kwa hiyo kila dereva anajichagulia alama yake. Mmoja ana nguzo, mwingine doa la oili kwenye lami, mwingine tangazo lililochanika. Mjomba alitufundisha hivi tangu siku ya kwanza: "Chagueni kitu kisichosogea. Halafu kiaminini kuliko macho yenu."

Mimi alama yangu ni moyo. Ukinilipuka, nafunga breki. Ndiyo maana siku nyingine napita kama malaika na siku nyingine nachimba nyasi.

Alama ya Foleni hakuna aliyeijua. Nilimuuliza, akasema, "Ninayo yangu." Nilimuuliza tena kwa upole, wa bandia lakini upole, akatabasamu tu. Usidhani niliishia hapo. Jumamosi wote walipokwenda kula, nilitembea ile sehemu yote kwa miguu, nimeinama kama mtu aliyedondosha hereni, natafuta. Nilitazama ukuta, nyasi, rangi, misumari. Nilisimama, nikachuchumaa ili macho yawe kimo cha dereva. Sikuona kitu. Nikajisemea, ana siri huyu, ananificha mimi dada yake niliyemfundisha hata kuendesha baiskeli.

Na kuna lingine la kuniudhi. Kwenye daraja letu redio haziruhusiwi. Dereva akiwa uwanjani, anaambiwa mambo kwa ubao: mtu wa timu anasimama kwenye ukuta mfupi kando ya ile sehemu iliyonyooka, anamwonyesha ubao wenye namba, kwamba aliye mbele yako amekuacha kiasi gani. Nikiwa naendesha mimi, ubao anashika Mjomba. Akiwa anaendesha Foleni, nashika mimi, kwa sababu mwenyewe alimwomba Mjomba iwe hivyo. Yaani nitoke kwenye gari nimelowa jasho, moyo bado unapiga, badala ya kukaa nimimine maji kichwani, nivae koti la njano niende kumshikia bibi mkubwa ubao wake. Kama mtumishi wa mtu. Nililalamika, Mjomba akasema, "Mdogo wako anataka hivyo, una shida gani?"

Shida zangu ningezihesabu tungekesha.

Jumapili asubuhi, kabla ya mbio, Foleni alinifuata nikiwa navaa glavu. "Dada," alisema, "baadaye utasimama palepale, sivyo?"

"Nisimame wapi tena, kichwani kwako?"

"Nauliza tu."

"Nitasimama. Nenda kakae kwenye ndoo yako."

Akaenda. Nikamwona kwa jicho la pembeni amefumba macho, mguu unagandamiza sakafu. Mama Matairi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na mwavuli wake, anamtazama yeye. Hakunitazama mimi.

Basi nikatoka na moto wangu wote. Nikwambie ukweli, nusu ile niliendesha kama sijawahi kuendesha. Mzunguko wa tatu nikaivunja rekodi yangu mwenyewe. Nilipopita mbele ya ukuta nilimwona Mjomba anarusha ngumi hewani. Nikawapita wawili, nikawa wa pili nyuma ya gari la buluu. Nikajiambia, kiti ni changu, Mama Matairi anaona, akatae sasa. Na ndipo nikamkumbuka Foleni juu ya ndoo. Sijui alinijia vipi. Nilikuwa naingia kona ya kwanza, nikamwona jinsi Mama Matairi alivyokuwa anamtazama, na moyo ukachelewa kulipuka. Gari likageuka mara moja, mara mbili, vumbi, nyasi, na lilipotulia nilikuwa natazama nilikotoka. Wakapita mmoja, wawili, watatu, wengine. Nikarudi barabarani nimepandwa na mori. Mizunguko iliyofuata niliendesha kwa matusi. Nilimgonga mtu ubavuni, nikafunga breki mpaka moshi ukaingia ndani, matairi yakawa na mabonde. Nilipoingia bandani tulikuwa wa saba.

Foleni akaingia. Wakati namfunga mikanda alinigusa mkono, akasema, "Mzunguko wa tatu ule, dada, sijawahi kuona kitu kama kile." Na alimaanisha! Hapo ndipo nilipotaka kulia. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Nikavaa koti la njano, nikachukua ubao, nikaenda ukutani.

Sasa tazama kazi ya yule mtoto. Mjomba alimbadilishia matairi mawili tu, maana mengine hatukuwa nayo. Akaondoka. Mzunguko wa kwanza, muda wake. Wa pili, uleule. Wa tatu, uleule. Akampita wa sita bila kelele, yule jamaa akikosea mwenyewe. Akampita wa tano. Walio mbele wanagombana, wanachoka, yeye anakuja tu, kila mara mlio uleule wa injini, breki palepale, gia palepale. Akawa wa nne. Akawa wa tatu. Mama Matairi alikuwa amekunja mwavuli, amesogea mpaka nyuma yangu, namsikia anapumua. Akawa wa pili. Mbele yake amebaki yule wa buluu, na kila mzunguko anamla kidogo, kidogo, kidogo.

Na mimi nimeshika ubao. Nilikuwa namwandikia mdogo wangu, kwa mkono wangu mwenyewe, jinsi anavyoninyang'anya kiti.

Ndipo nikabadilisha namba. Aliyekuwa mbele alikuwa amemwacha sekunde nne; nikaweka tisa. Nilitaka aone kwamba buluu anakimbia. Nilitaka ashtuke. Nilitaka, hata kwa mzunguko mmoja tu, aje na mimi mahali ninapoishi siku zote, pale kichwa kinapowaka na mikono inatetemeka na huwezi kusikia unachojiambia. Aone kama utulivu wake utamfaa.

Akapita. Breki palepale. Muda uleule.

Nikaweka kumi na mbili. Akapita. Uleule. Nikasema huyu ana roho ya chuma au ni kipofu? Nikaweka ishirini. Akapita kama anakwenda kununua chumvi. Mama Matairi nyuma yangu akasema polepole, kama anaongea peke yake, "Ona mtoto huyo." Nikajua lazima haoni ubao. Basi utauona, nikasema. Nikachukua ubao wangu, nikateremka na ukuta kuelekea kwenye kona, mbali na mahali petu, mpaka pale ukuta unapoishia. Nikauegemea, nikautoa ubao nje kwa mikono yote miwili, karibu niuguse upepo wa magari.

Akaja. Nilisikia mlio wa injini, uleule. Nikasubiri breki. Breki hazikuja. Akanikaribia na kasi yote, akanipita, ndipo zikalia, zikalia vibaya, moshi mweupe ukatoka, gari likanyooka kwenye nyasi likielekea ukuta wa matairi na mdogo wangu ndani.

Nitasema jambo baya sasa. Kwanza nilifurahi. Ilikuwa kitambo kidogo sana, lakini ilikuwepo, furaha kabisa, kama nimekunywa maji baridi. Halafu ikakatika, na nikasikia mtu anapiga ukelele jina lake, lile la nyumbani analoitwa na mama, na mtu huyo alikuwa mimi.

Gari liliserereka, mkia ukaja mbele kidogo, ukarudi. Likapita pembeni mwa ukuta wa matairi, hata kitambaa kisingepenya katikati. Likaruka, likarudi kwenye lami, likaondoka. Buluu alikuwa ameshakwenda zake.

Nilirudi mahali petu nikiwa nimeshika ukuta, nikasimama, nikaweka namba ya kweli. Nikajua kinachofuata, maana mimi ni bingwa wa kinachofuata. Sasa atakasirika, nilisema. Sasa ataendesha kwa matusi, atagonga mtu, atatafuta alichopoteza mpaka apoteze na kilichobaki.

Akaja. Breki palepale. Nikatazama saa, muda uleule. Kana kwamba ule mzunguko mwingine ulikuwa wa mtu mwingine.

Alimaliza wa pili. Buluu alishinda kwa tofauti ambayo, kila mtu pale alijua, ni ile iliyobaki kwenye nyasi.

Bandani walimshangilia kama ameshinda. Mafundi walimwagia maji, Mjomba alimbusu helmeti. Mama Matairi alikuwa na karatasi ya muda mkononi, ile inayochapishwa na waamuzi, anaifuatisha kwa kidole.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza, kidole kwenye ule mzunguko mmoja.

"Nilichelewa breki," Foleni akasema. "Kosa langu."

Mama Matairi akashusha kidole kwenye mstari wa chini yake, akakaa nacho hapo muda mrefu. Kisha akakunja karatasi. "Wengi wanaweza kuendesha vizuri," alisema. "Mimi nilikuwa natafuta mtu anayeweza kuendesha vizuri baada ya kuharibu." Akanitazama mimi, na jicho lake halikuwa baya, hilo ndilo lililonimaliza. "Kiti ni cha mdogo wako, mwanangu."

Nikasema sawa. Nikampa Foleni mkono mbele za watu, meno yote nje. Tabasamu lile lilinigharimu kuliko rekodi.

Nikaenda nyuma ya banda kwenye bomba la kuoshea magari, nikafungua maji, nikaacha yatiririke tu. Akanifuata. Amevaa kofia waliyompa ya mshindi wa pili, nywele zimelowa, mikono inamtetemeka. Sikuwahi kuiona mikono yake ikitetemeka. Akaiweka chini ya maji ili nisiione.

Nikajua amekuja kwa ajili ya zile namba. Nilikuwa na majibu yangu tayari, tena makali.

"Dada," akasema, "mbona ulisogea?"

Sikuelewa. "Nilisogea wapi?"

"Ukutani. Si nilikuuliza asubuhi kama utasimama palepale? Mimi breki zangu ni wewe. Koti likifika usawa wa bega langu, naachia mafuta, nafunga." Alisema hivyo kama anayemtajia mtu saa. "Nguzo inafichwa na magari, na madoa yale mvua ikinyesha yanafutika. Nilivijaribu vyote. Wewe ukishasimama umesimama. Nakujua, ukinuna hubanduki."

Nilimtazama. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye viatu vyangu.

"Na ubao?" nikamuuliza. "Namba?"

"Namba gani? Sijawahi kuzisoma. Zinanivuruga." Akacheka kidogo. "Nilikuwa naogopa nikikwambia utasema nakufanya kibao cha barabarani. Lakini kweli, mbona ulisogea? Nilidhani nimepotea."

Hapo palikuwa na nafasi. Kulikuwa na mimi na yeye na bomba, hakuna mtu mwingine, ningeweza kusema. Nilifungua kinywa.

"Jua," nikasema. "Jua lilikuwa linanipiga machoni."

Akaniamini. Nilimwona anavyoniamini, bila hata kufikiri, uso ukamlegea, mikono ikaacha kutetemeka. Akavua ile kofia yake, akakung'uta maji, akanivika mimi kichwani na kuivuta mbele ili inikinge macho.

"Basi mwakani uwe unavaa hii," alisema. "Ili usisogee."

Ilikuwa inanibana. Niliivaa mpaka nyumbani.